Marahaba ya Babu Gunia

Wenzangu wa sindano, leo heshima yangu imebaki Gitting. Katesh nimerudi mwili mtupu.

Nawaandikia nyinyi wanne kwa sababu tulishona magunia ya ngano pamoja miaka mingi kabla hamjahamishiwa shamba lile la mbali, na kwa sababu mtasikia tu. Dereva atawaambia. Afadhali msikie kwangu ninayelia kuliko kwake anayecheka. Karatasi hii ni ya mizani, upande wa nyuma ndio msafi. Mwandiko mnaujua, ni wa darasa la tatu. (La tatu lenyewe sikulimaliza. Mwalimu alihama kwenda Babati, na mimi nikahama kwenda kuchunga.)

Habari ya chombo mliisikia nusu. Yule mzungu wa matrekta alipofungasha kurudi kwao, aliniachia redio kaseti yake kwa sababu nilimshonea turubai likamridhisha. Chombo kizuri. Kina kitufe chekundu. Ukikibonyeza pamoja na kile cha pembeni yake, kinameza maneno yako yote. Sasa mtu kama mimi ukimpa kitu kinachomeza maneno bila kuchoka, umemmaliza. Marehemu mke wangu alichoka. Nyinyi mlichoka. Mbuzi nao walichoka, walikuwa wakiniona wanahama kivuli. Chombo hakikuchoka.

Nikaanzisha redio yangu.

Bado msicheke! Kipindi nilikiita Gunia la Babu Gunia. Nusu saa, upande mmoja wa kaseti. Ndani yake kuna hadithi ya fisi, nani amepotelewa na ndama, mvua imenyesha wapi na wapi imepita juu, onyo kwa vijana wanaolala juu ya magunia kazini, na mwishoni naimba kidogo. (Watu wa Dongobesh waliomba nisiimbe. Nikawaondolea wimbo, nikawaongezea fisi.)

Redio ya serikali ina mlingoti. Mimi nina lori la ngano. Kila Jumatano nampelekea kaseti Bwana Hemedi, mwenye mgahawa hapa Katesh, ambaye ana mashine ya milango miwili. Kaseti moja inasema, ya pili inasikiliza na kushika. Anatoa tano. Moja inabaki mgahawani kwake. Nne anachukua Matle, dereva wa lori letu: moja mashine ya kusaga Gitting, moja dukani Balangdalalu, moja kwa kinyozi Dongobesh, na ya mwisho anampa mwenzake inapanda mpaka Nambis kwa fundi baiskeli. Jumamosi saa kumi alasiri, vituo vyote vitano vinabonyeza kwa pamoja. Vituo vitano! Mtoto wa mchunga ng'ombe! Nilikuwa nikikaa mgahawani kwa Hemedi nikijisikiliza, huku nikijua kwamba dakika hiyohiyo ninasema pia Nambis, ambako sijawahi kufika kwa miguu yangu.

Betri nilikuwa naanika juani zipate nguvu. Kaseti ikilegea naizungusha kwa kalamu. Hakuna aliyenifundisha.

Shida ilikuwa moja tu, na ndiyo iliyoniua leo. Nitaanzaje kipindi?

Yule mtangazaji wa serikali anaanza kwa kuwasalimia wasikilizaji. Sawa, yeye ni kijana, ana haki. Mimi ni mzee. Kwetu mzee haanzi, anaanzwa. Nikisema shikamooni, nimewaamkia watoto wa shule, na mtoto aliyeamkiwa na mzee anaota mvi kabla ya meno. Nikisema hamjambo moja kwa moja, nimewafundisha kwamba mzee anaongea nao kabla hawajamwamkia. Nilikaa na jambo hilo siku tatu, nashona nafikiri. Siku ya nne nikapata.

Nikabonyeza chekundu, nikanyamaza. Nikawapa nafasi waniamkie huko waliko. Nafasi ya mishono minne ya gunia, naishona hewani kwa mkono: moja, mbili, tatu, nne. Halafu, kwa sauti nzito: "Marahaba! Marahaba, wanangu!"

Ilishika kama moto wa nyasi. Matle aliniambia watoto wa Balangdalalu wanapanga mstari mbele ya redio wanaiambia "Shikamoo Babu!" na redio inawajibu. Kinyozi wa Dongobesh anasimamisha wembe. Miezi saba nimepokea shikamoo za wilaya mbili nikiwa nimekaa juu ya gunia.

Kosa langu ni hili, na nalikiri. Pale kambini, mimi ndiye mkubwa kuliko wote. Shamba la serikali limejaa vijana waliotoka kila mahali, wazazi wao wamewaacha nyumbani. Ukikaa miaka kumi na mitano mahali ambapo kila anayepita anakuamkia, unasahau. Nilisahau kabisa kwamba duniani kuna watu wazee kuliko mimi, na kwamba na wao wana masikio.

Sasa niingie kwenye leo.

Mwanangu Faustini mnamfahamu, yule anayeendesha mashine ya kuvuna. Ana miaka thelathini na tatu na hana mke. Si ulevi, si uvivu. Ni mimi. Mara mbili tumekwenda kuposa, na mara mbili nimeongea. Ukoo wa kwanza nilianza na hadithi ya fisi, nikamaliza wameshakama ng'ombe, na jibu likawa hapana. Ukoo wa pili nilisema ukweli kuhusu mjomba wao. (Ulikuwa ukweli!) Safari hii amempata Veronika wa Gitting, binti mpole, mshonaji wa nguo, na wanapendana hata kipofu angeona. Baba yake Veronika alishafariki. Mwenye neno pale nyumbani ni babu yake.

Jana Faustini alikuja akakaa mbele yangu. "Baba, ni ya tatu hii. Wakikataa, Veronika anapelekwa kwa shangazi yake Singida, na mimi sitaposa tena. Nakuomba kitu kimoja."

"Sema, mwanangu."

"Usiseme."

Nikaapa. Nikashika hata sindano yangu nikaapa nayo. Na tumempata mshenga mzuri, Mzee Emanueli katekista, mtu anayeongea kama anahesabu mayai. Yeye aseme, mimi nikae. Ila chombo nilikitia mkobani. Nilitaka kurekodi wazee wakibariki, niwape wasikilizaji wangu kitu kizuri. Bila kusema neno, kubonyeza tu!

Asubuhi tukapanda lori la Matle, lilikuwa linakwenda Gitting kuchukua maharage ya jiko la kambi. Wanne mbele, tumebanana. Upepo wa tambarare ulikuwa ule mnaoujua, unaleta vumbi la mashamba mpaka kwenye kope. Tulipoanza kupanda kuelekea mlimani, Matle akakohoa.

"Babu, kuna mzee mmoja Gitting anakaa pale mashineni kila Jumamosi kipindi chako kikipigwa."

"Mpenzi wa kipindi," nikasema.

"Ana fimbo."

"Wazee wote wana fimbo, Matle."

"Yeye ya kwake anaipiga nayo redio."

Nikanyamaza. (Mara ya kwanza leo.) Matle akaendelea, macho barabarani. "Siku ile ya kwanza alikuwa amekaa kwenye gogo lake, kimya. Na wewe ukanyamaza vile unavyonyamaza. Halafu ukasema marahaba. Akina mama wote wa foleni wakageuka kumwangalia. Mmoja akasema, 'Kumbe leo na mzee naye ameamkia mtu!' Wakacheka mpaka unga ukamwagika."

"Na yeye?"

"Akauliza ni mtoto wa nani huyu anayepokea shikamoo ambayo hajapewa. Hakuna aliyekujua ila kwa jina la Babu Gunia. Mimi nikaulizwa, nikasema naleta mzigo tu. Basi anakuja kila Jumamosi, anakaa, anasubiri utaje jina la baba yako. Miezi saba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi, Babu. Kila nikirudi unaniuliza, Gitting wananipenda? Ningesemaje?"

"Anaitwa nani mzee huyo?"

"Mzee Lohay."

Faustini akageuza shingo taratibu, kama mlango wa ghala. "Baba," akasema, "unajua babu yake Veronika anaitwa nani?"

Sikujua. Nilimwita siku zote "yule babu". Sasa nikajua.

Nikasema turudi. Mzee Emanueli akasema haiwezekani, wameshachinja kondoo, tukirudi ni tusi juu ya tusi. Akafikiri kidogo. Halafu katekista wa miaka ishirini, mtu anayefundisha watoto amri kumi, akaniuliza: "Mzee Bura, jino lako linauma?"

"Haliumi."

"Linauma," akasema. "Linauma sana. Huwezi kufungua mdomo. Sauti yako asiisikie kabisa."

"Katekista, huo ni uongo."

"Nitaungama. Matle, una kitambaa?"

Matle alikuwa na kitambaa kimoja, cha kufutia dizeli. Wakanifunga nacho kutoka kidevuni mpaka utosini, fundo juu. Nikiwa ndani yake nilinuka kama trekta lililokufa. Tukashuka mashineni, tukatembea kuelekea nyumbani kwa Mzee Lohay. Watoto wakatuangalia. Mbwa mmoja akanusa akapiga chafya.

Mzee Lohay alikuwa amekaa mlangoni, blanketi begani, fimbo katikati ya magoti. Mzee kweli! Mimi mbele yake ni kijana wa kutumwa maji. Emanueli akamwamkia. Faustini akainama akamwamkia. Zamu yangu ilipofika nikashika shavu, nikainama mpaka chini, nikasema, "Mmmmh."

"Jino, mzee," Emanueli akasema haraka. "Limemshika tangu juzi. Mdomo haufunguki."

Mzee Lohay akaniangalia kwa muda. Akasema, "Kaeni."

Wenzangu, nimeteswa. Mama yake Veronika ni mtu mwenye huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko fimbo. Aliniletea maji ya moto yenye chumvi. Akaniletea majani ya kutafuna, machungu, nikayatafuna. Akataka kumwita jirani mmoja, fundi wa majembe, anayeng'oa meno kwa koleo. Nikatikisa kichwa mpaka fundo likalegea. Kisha chakula kikaja. Kondoo! Mbavu zinachuruzika mafuta, na makande, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Wote wakala. Mimi nikapewa uji mwepesi kikombe kimoja, kwa sababu ya jino. Emanueli alikula mbavu mbele ya pua yangu huku akinionea huruma kwa macho. Huyo ataungama mambo mengi.

Lakini mazungumzo yalikwenda vizuri! Sijawahi kuona posa inavyokwenda mimi nikiwa nimenyamaza, na ni jambo la ajabu, linatembea lenyewe. Emanueli anaweka neno, wanalichukua. Wanarudisha neno, anapokea. Veronika akaitwa, akaulizwa, akasema anamtaka, na Faustini akaona haya mpaka masikio. Nilitaka kulia. Nikalia kidogo, wakadhani ni jino.

Mzee Lohay akasafisha koo. "Kijana nimempenda," akasema. "Na baba yake nimempenda zaidi."

Mimi!

"Mwanamume anayekaa kimya nyumbani kwa watu. Siku hizi dunia imejaa makelele. Kuna mpumbavu mmoja pale kwenye redio ya mashineni..." Na akamsema yule mpumbavu. Alimsema vizuri, kwa mpangilio, kuanzia sauti yake mpaka malezi yake, na mimi nikawa naitikia kwa kichwa, naunga mkono. Ningefanyaje?

"Kwa hiyo mimi sina shida," akamaliza. Faustini akashusha pumzi ambayo nadhani aliishika tangu jana. "Ila kitu kimoja. Baba wa kijana hajaniamkia."

"Jino, mzee," akasema Emanueli.

"Jino halizuii shikamoo," Mzee Lohay akasema. "Mimi niliota jipu shavuni kama yai la bata, kaka yangu akiwa anakata roho, na nikamwamkia. Akaipokea, akaondoka. Tangu tumzike, sijamwamkia mtu tena. Hakuna aliyebaki juu yangu. Napokea tu. Kupokea tu kunachosha. Lakini aliye chini lazima atoe. Aniamkie, tumalize."

Hapo nilimwelewa, na nikatamani ardhi ipasuke. Miezi saba nilimnyang'anya mzee yule shikamoo, kitu ambacho hakuwa tena na mtu wa kumpa.

Nikafungua mdomo kidogo. "Sh'mo," nikasema.

"Sijasikia."

Nikajaribu kwa sauti nyembamba, ya juu, kama mbuzi aliyenaswa kwenye uzio. "Shikamooo."

"Sijasikia. Vua hicho kitambaa."

Nikavua. Faustini akafunika uso kwa mikono. Nikawaza, neno moja tu. Neno moja halina sura, atalijuaje? Nikalitoa lote kwa sauti yangu, kwa heshima, kutoka tumboni:

"Shikamoo, mzee."

Sasa sikilizeni. Mzee Lohay si mtu wa haraka. Hakujibu papo hapo. Alivuta blanketi. Akahamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda huu. Akafuta midomo. Kimya kikaanza, na mimi nikiwa nimeinama, nikahisi mkono wangu wa kulia unatembea wenyewe kule chini. Unashona. Moja. Nikauambia acha. Mbili. Nikaushika kwa mkono wa kushoto. Tatu. Mzee akafungua mdomo, jibu likawa linakuja, naliona kabisa liko kwenye ulimi wake. Nne.

"MARAHABA!" nikasema. "MARAHABA, WANANGU!"

Nilijiamkia nikajiitikia! Mbele ya mkwe! Kwake!

Mara watoto waliokuwa wamejaa uani wakaruka juu. "Babu Gunia! Ndiye! Ndiye! Babu Gunia yuko humu ndani!" Mmoja akaingiza kichwa dirishani akaniuliza fisi wa wiki iliyopita alitokaje kisimani.

Mzee Lohay hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliniangalia tu, kama mtu aliyepata ndama wake baada ya miezi saba na kukuta ana pembe za ajabu.

"Ni mtoto wa nani?" akauliza.

Nikataja jina la baba yangu. Akatikisa kichwa. "Nilimjua. Alikuwa mtu mzuri. Naye aliongea sana." Kisha, "Chombo kiko wapi?"

Emanueli akaanza kutaja kondoo wa kuomba radhi, na asali. Mzee akainua kiganja. "Kondoo ninao. Nataka chombo."

Nikakitoa mkobani. Wenzangu, ilikuwa kama kumzika tena mama watoto, Mungu anisamehe. Nikakiweka miguuni pake. Akakigusa kwa ncha ya fimbo, pole pole, kama mtu anavyoangalia nyoka kama amekufa.

"Na jibu la posa, mzee?" Emanueli akauliza, sauti imeisha.

"Jibu mtalipata kwa njia yenu wenyewe. Nendeni."

Tukaenda. Lori lilikuwa bado linapakia maharage, tukashuka kwa miguu. Ni mbali, nanyi mnaijua njia ile. Faustini alitangulia hatua hamsini na hakugeuka hata mara moja. Ningependa anitukane. Kijana aliyelelewa vizuri ana ubaya huo, anakuacha ujitukane mwenyewe. Nilimwona mgongo wake tu, na shati jipya alilonunua kwa ajili ya leo, limeshika vumbi.

Tulifika Katesh karibu saa kumi. Sikutaka kwenda mgahawani. Lakini ilikuwa Jumamosi, watu wameshajaa kusubiri kipindi, na Hemedi akaniona kwa mbali akaita, "Mzee Bura, njoo, pana kitu chako!" Matle alishatupita njiani bila kusimama, kama alivyoagizwa, na kufika. Mezani palikuwa na kaseti moja, imefungwa kwenye kitambaa. Kile cha dizeli.

"Imetoka Gitting," Hemedi akasema. "Mzee mwenyewe amesema ipigwe wazi, saa kumi, na wewe ukiwepo. Isipigwe kabla hujakaa."

Nikakaa. Faustini akasimama mlangoni. Emanueli akaanza kusali bila kutoa sauti. Hemedi akabonyeza.

Kwanza vumbi la kaseti, shhhhh. Jogoo. Kisha Veronika, kwa kunong'ona: "Babu, vyote viwili kwa pamoja. Chekundu na hiki." Kitu kikaanguka. Kisha ile sauti.

"Haya. Niamkie."

Kimya.

Mgahawa mzima ukanigeukia. Mimi nikaangalia kikombe changu. Ni kaseti ile, jamani, haina masikio!

"Sijasikia," kaseti ikasema.

Wakapasuka. Mtu mmoja alianguka na benchi. Nikamwangalia Faustini pale mlangoni. Hakucheka. Alikuwa ananiangalia kama alivyoniangalia akiwa mdogo akisubiri nimtoe mwiba. Basi nikasimama. Mbele ya watu arobaini na birika la chai, nikaikabili redio, nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Na kofia uvue," kaseti ikasema.

Nilikuwa nimevaa kofia! Alijuaje? Nikaivua. Nikarudia. Safari hii hakuna aliyecheka, sijui kwa nini. Mkono wangu ukashona moja, mbili, tatu, nne, nikauma ulimi mpaka nikaonja damu. Tano. Sita. Saba.

"Marahaba," akasema Mzee Lohay, taratibu, kama mtu anayekalia kiti chake mwenyewe. Akapumua. "Binti amekubali, na mimi nimekubali. Mshenga aje Jumapili baada ya ibada. Baba wa kijana aje pia, maana ni haki yake, ila jino liendelee kumuuma."

Faustini alikaa chini palepale mlangoni, kwenye vumbi, na shati lake jipya. Watu wakapiga makofi, wakamnyanyua. Na mimi nilikuwa nanyoosha mikono nimwendee mwanangu, ndipo kaseti ikaongea tena.

"Chombo kinabaki. Sasa nitawaambia hadithi ya fisi vile ilivyo. Huyu alikuwa anaikosea."

Na akaisema! Upande mzima! Wenzangu, nilitaka iwe mbaya. Niliomba iwe mbaya. Nilikaa pale na kofia mkononi, nikasikia fisi wangu akitoka kisimani kwa njia ambayo mimi sikuwahi kuifikiria, na watu waliacha chai ikapoa. Kwangu chai haijawahi kupoa hata siku moja.

Ilipokwisha, Hemedi akanijia kwa upole, akaniuliza kama nitaona vibaya akitoa nakala. Ngapi? Tano. Nambis pia? Nambis pia.

Nikasema toa.

Kwa hiyo mkwe nimepata, redio sina. Faustini alinishika bega wakati wa kutoka, hakusema kitu, na mimi sikusema kitu, na nadhani ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Sasa nimerudi kambini, nimekaa juu ya gunia langu, hakuna kitufe cha kubonyeza, ndiyo maana mnaona barua ndefu. Mbuzi wameniona nimekaa wamehama tayari.

Msicheke. Na atakayeshindwa kujizuia, aniamkie kwanza ndipo acheke, maana tangu nishuke Gitting natoa tu, sijapokea hata moja.